Jino moja, milimita mbili

Baiskeli yangu niliinunua ikiwa mtumba: fremu ya chuma, tairi za inchi 26, gia tatu mbele na saba nyuma. Kwa miaka sita imenishusha kila asubuhi kutoka Kihesa hadi Ipogolo, ninakofundisha, na jioni nimepanda nayo mlima kurudi mjini Iringa. Anayeijua njia hiyo anajua kwamba kazi yote iko jioni. Asubuhi unabana breki na kuachia, baridi inakutoa machozi, umefika. Jioni una madaftari ya madarasa mawili kwenye keria, malori yanaunguruma nyuma yako, na kila mita unailipia kwa mapaja.

Mwaka jana, mvua za masika zilipokatika, mnyororo ulianza kuruka. Nikisimama juu ya pedeli kwenye mwinuko mkali, mguu unazama ghafla na goti linagonga usukani. Nikaupima mnyororo kwa rula ya darasani. Pingili 24 za mnyororo mpya zina urefu wa milimita 304.8, yaani futi moja kamili. Zangu zilikuwa zimefika 308. Mnyororo ukishatanuka kiasi hicho haukai tena katikati ya meno, unayapanda na kuyala. Meno ya sproketi ya kati, yaani lile gurudumu la meno la katikati kati ya matatu ya mbele, yalikuwa yamechongoka na kuinamia upande mmoja kama nyasi zilizolazwa na upepo. Na kwa kuwa sproketi zote tatu zilikuwa zimepigwa ribiti kwenye mkono wa kulia wa kranki, ule unaoshika pedeli, hakukuwa na namna ya kubadili moja. Ilinibidi kununua seti nzima ya kranki, pamoja na mnyororo na frii, yaani lile fungu la sproketi za nyuma, maana mnyororo mpya juu ya frii iliyolika nao huruka vilevile.

Hapo nikaona nafasi ya kumaliza jambo jingine. Seti ya zamani ilikuwa ya meno 48, 38 na 28. Frii yangu ina meno 14 upande mdogo na 28 upande mkubwa. Kwa gia nyepesi kabisa, 28 mbele na 28 nyuma, zungusho moja la pedeli ni zungusho moja la tairi, na tairi langu likizunguka mara moja linatembea kama mita 2 na sentimita 5. Kwenye mlima wa Ipogolo mita hizo mbili ni nyingi. Nikamwagiza mdogo wangu aliyeko Dar es Salaam apite Gerezani, Kariakoo, anitafutie seti ya meno 42, 34 na 24. Kwa 24 mbele, zungusho lile lile la pedeli linanipeleka mita 1 na sentimita 75 tu. Sentimita thelathini hizo ni kitu kidogo ukizisikia, ila mtu mwenye mzigo akifika nusu ya mlima anazijua kwa jina. Nilichopoteza ni mwendo wa mteremkoni: gia nzito kabisa ilikuwa inanipa mita 7 kwa zungusho, sasa inanipa 6 na kidogo. Sikuuhitaji. Asubuhi mlima wenyewe unanisukuma.

Mzigo ulifika na basi, nikafunga mwenyewe Jumamosi. Kufungua kranki si kazi ngumu ukiwa na pula, kifaa cha kuuvuta mkono wake utoke. Bolti inafunguliwa kwa soketi namba 14, pula inaingia kwenye nyuzi za mkono wa kranki mpaka mwisho, kisha unakaza taratibu mpaka mkono unajivua kwenye ekseli ya pembe nne. Mwisho kabisa, narudia: nyuzi zile ni za alumini, na pula iliyoshika nusu itazivua zote na mkono utabaki palepale. Jambo jingine ambalo vijana wengi nimewaona wakilikosea ni pedeli ya kushoto. Hiyo hufunguliwa kwa kuzungusha upande wa saa, kinyume cha mwenzake. Nikakata mnyororo mpya ukalingana na wa zamani pingili kwa pingili, nikaufunga, nikapanda, nikafurahi.

Furaha ilidumu mpaka kona ya pili.

Nieleze kwanza direla ya mbele ni nini, kwa asiyeifahamu. Ni kile kifaa kilichobanwa kwenye bomba la kiti, juu ya sproketi kubwa, chenye mabati mawili yaliyoukumbatia mnyororo, moja la nje na moja la ndani. Ukivuta waya wa gia, bati la ndani linausukuma mnyororo nje upande sproketi kubwa. Ukiachia, springi inarudisha kifaa na bati la nje linausukuma mnyororo ndani ushuke. Pembeni kuna skrubu mbili ndogo, moja imeandikwa L na nyingine H. L inazuia kifaa kisiende ndani kupita kiasi, H inazuia kisitoke nje kupita kiasi. Ndivyo nilivyokuwa nimesoma, na nilidhani nimeelewa.

Siku ile mnyororo haukutaka kupanda sproketi kubwa. Nikalegeza H nusu mzunguko. Ukapanda, ukapitiliza, ukaangukia nje juu ya mkono wa kranki. Nikairudisha H. Kushuka kwenye ndogo ndiko kulikokuwa kubaya zaidi: mara ukae katikati ukigoma, mara udondoke wote ndani na kujibana kati ya sproketi ndogo na fremu. Nikakaza L robo mzunguko. Ukaacha kudondoka, na ukaacha kushuka kabisa. Nikalegeza kidogo, ukadondoka. Hivyo ndivyo nilivyoishi siku tisa, bisibisi mfukoni, nikisimama kila mara kando ya barabara.

Jioni ya siku ya tisa mnyororo ulidondoka ndani nikiwa nimeshaanza mlima. Ulijibana kwa nguvu hata kwa mikono miwili haukutoka, kwa sababu nilikuwa nimeukanyaga kwa uzito wangu wote kabla ya kusikia. Rangi ya fremu ilikwanguka hadi chuma. Nikasukuma baiskeli na madaftari yake mpaka juu, giza limeingia, vidole vina grisi, na nilikuwa na hasira ya kweli. Seti ilikuwa mpya, mnyororo mpya, frii mpya, na baiskeli ilikuwa mbovu kuliko siku meno yalipokuwa yameisha.

Kesho yake nikaenda Mlandege kwa mzee mmoja anayetengeneza baiskeli chini ya mparachichi. Wengi humpelekea Phoenix na Hero zenye gia moja, na mimi nilikuwa nampita kwa kudhani za gia hazijui. Nilikosea sana kumdhania hivyo.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba. Kamwene, mwalimu. Imekuchosha?”

Nikamweleza habari ya skrubu, robo na nusu, L na H. Alinisikiliza bila kugusa kitu. Kisha akaifunga baiskeli kwa kamba kwenye tawi, kiti kikawa juu kama kawaida na tairi zikaning'inia. Baadaye nilimuuliza kwa nini hakuigeuza miguu juu kama mafundi wengi wafanyavyo. Akasema mnyororo nao una uzito wake, ukigeuza baiskeli unalalia upande ambao hautaulalia ukiwa barabarani, utafunga vizuri hapa na utaharibikiwa huko.

Akachuchumaa, akafunga jicho moja, akaangalia direla kwa pembeni. Akaweka vidole viwili katika nafasi iliyokuwa kati ya ukingo wa chini wa bati la nje na ncha za meno ya sproketi kubwa. Vidole vikaingia.

“Hii sproketi ya zamani ilikuwa na meno mangapi?”

“Arobaini na nane.”

“Na hii?”

“Arobaini na mbili.”

“Basi direla yako bado inaitafuta ile ya zamani. Mwalimu, skrubu ni ukuta. Wewe umekuwa ukisogeza ukuta, na nyumba yenyewe iko kwenye kiwanja cha jirani.”

Nilisimama pale nikifanya hesabu kichwani, hesabu ambayo kwa kazi yangu ningepaswa kuifanya Jumamosi ile kabla ya kushika spana. Umbali kutoka pingili hadi pingili ni milimita 12.7. Sproketi ya meno 48 ina mzunguko wa 48 mara 12.7, gawanya kwa pai mara mbili, unapata nusu kipenyo cha milimita 97. Ya meno 42 inatoa 85. Tofauti ni milimita 12, na ukigawa kwa meno sita unapata kwamba kila jino linabeba milimita 2. Nilikuwa nimepunguza meno sita na kuiacha direla juu kwa milimita kumi na mbili zaidi ya pale ilipostahili. Ukingo wa bati unatakiwa uwe milimita 1 hadi 3 juu ya meno. Wangu ulikuwa kama 14. Kutoka urefu ule bati halisukumi mnyororo, linaupunga tu, na mnyororo unakwenda unakotaka. Hakuna robo mzunguko wa skrubu unaoweza kurekebisha hilo.

Kazi ya mzee ilianza kwa kufungua waya. Aliulegeza kabisa ukaning'inia, direla ikarudi ndani ikilala kwenye skrubu ya L. “Waya ukiwa umevutwa hujui kinachozuia ni waya au ni skrubu,” alisema. Hili peke yake lingeniokolea siku tano.

Kisha akaisukuma direla nje kwa mkono mpaka bati la nje likakaa juu ya meno ya sproketi kubwa, akachomeka kabari ya mti ili isirudi. Nilikuwa nimezoea kuangalia urefu direla ikiwa ndani, juu ya sproketi ndogo, na pale huwezi kupima chochote, maana kifaa kinaposogea nje kinapanda na kushuka kidogo. Akalegeza bolti ya kibanio kwa alenki, ile spana ya pembe sita, namba 5, akaiteremsha direla kwenye bomba. Alama ya kibanio cha zamani ikabaki juu yake, pete ya rangi mpya isiyopigwa jua. Kama kipimo alichukua alenki ndogo ya milimita 2, akaipitisha kati ya bati na jino refu kuliko mengine. Ikapita ikigusa.

Nilidhani tumemaliza. Alizungusha pedeli kwa mkono, akaitoa kabari na kuisogeza direla ndani na nje polepole, na tukasikia mkwaruzo wa chuma. Bati la ndani lilikuwa linagusa meno ya sproketi ya kati.

Alivaa miwani, akasoma namba iliyogongwa kwenye direla: 48. Bati la ndani huwa refu kuliko la nje, na urefu wake hukatwa kulingana na tofauti ya meno inayotarajiwa. Seti yangu ya zamani ilikuwa na tofauti ya meno kumi kati ya kubwa na ya kati, 48 kwa 38. Hii mpya ina tofauti ya manane, 42 kwa 34. Kwa hesabu ile ile ya milimita mbili kwa jino, sproketi ya kati imepanda milimita 4 karibu zaidi na kubwa, na bati halijui. Vilevile mpindo wa bati ulichorwa ufuate duara la meno 48. Juu ya duara dogo, mbele lilikaribia meno na mkiani likabaki wazi.

Dawa ya kweli ni direla ya 42. Hakuwa nayo, na mimi nilitaka kupanda mlima kesho yake. Akaipandisha tena kidogo kidogo mpaka mkwaruzo ukakoma. Ilipokoma, nafasi juu ya sproketi kubwa ilikuwa karibu milimita 4. Akaniambia wazi kwamba itapanda kwa uvivu, na nikitaka kubadilisha nipunguze nguvu ya mguu. Nilimheshimu kwa kunieleza hivyo kabla ya kuchukua pesa.

Pembe ndiyo iliyofuata, na hapa alikaa muda mrefu kuliko kote. Kibanio kikiteremka hujizungusha, na bati la nje halibaki sambamba na sproketi. Alichukua spoki iliyonyooka, akailaza ubavuni mwa sproketi kubwa ikajitokeza nyuma, akasimama juu ya baiskeli na kuangalia chini. Spoki na bati vilikuwa vinaachana kama njia panda. Akagonga kibanio kwa mpini wa bisibisi, akaangalia, akagonga, akaangalia. Mara nne au tano. Kila alipogonga alirudi kupima na urefu kwa alenki, kwa sababu kimoja kikikaa kingine huhama. Mwishowe akakaza bolti huku kidole gumba kimekandamiza kifaa, maana bolti yenyewe inapokazwa huvuta kibanio pembeni. Nilikuwa sijawahi kuliona hilo likisemwa popote.

Sasa ndipo akagusa skrubu. Mnyororo akauweka kwenye sproketi ndogo mbele na kubwa kabisa nyuma, yaani upande wa ndani kuliko wote, akazungusha L mpaka bati la ndani likaachana na mnyororo kwa unene wa karatasi nzito. Alirudisha shifta ya kushoto, ile ya kubadilishia gia za mbele, mwanzo kabisa, akavuta waya kwa plaizi, akaubana. Kisha akaupeleka mnyororo kwenye kubwa mbele na ndogo kabisa nyuma, na H ikapewa nafasi ile ile upande wa nje. Skrubu zote mbili zilichukua kama dakika tatu. H ilihitaji karibu mizunguko miwili kulegezwa. Sababu ni kwamba kranki mpya ilikaa nje kidogo kwenye ekseli kuliko ya zamani. Alipima kwa rula kutoka uso wa bomba la kiti hadi meno ya sproketi ya kati, akapata 34. Ukiongeza nusu ya unene wa bomba, karibu 16, ni milimita 50 kutoka katikati ya fremu. Baiskeli nyingi za milimani zenye gia tatu mbele huwa 47.5 au 50, kwa hiyo akaliacha.

Mwisho akatoa pingili mbili kwenye mnyororo. Nilikuwa nimeukata ulingane na wa zamani, na wa zamani ulikatwa kwa ajili ya sproketi ya meno 48. Kwa kuwa mnyororo hulizunguka nusu tu ya duara, meno sita yaliyopungua ni pingili tatu zilizozidi. Lakini huwezi kutoa tatu, kwa sababu pingili nyembamba lazima ikutane na pana. Akatoa mbili.

Shilingi elfu tano. Nilimwongezea, akakataa mara ya kwanza, mara ya pili akapokea.

Jioni ile nilifika chini ya mlima, nikapunguza nguvu ya mguu, nikaachia shifta. Mnyororo ukashuka kwenye 24 bila sauti. Niliendelea kupanda nikisubiri udondoke, hadi juu kabisa mabega yalikuwa bado yamekaza kwa kusubiri.

Baada ya siku nne kupanda kwenye sproketi kubwa kukawa kugumu. Zamani ningekimbilia H. Safari hii nilifungua waya kwanza, nikaona skrubu ziko sawa, ila waya ulikuwa umejinyoosha na kava lake limekaa vizuri kwenye vikombe, hivyo kukawa na ulegevu. Niliuvuta tena kwa plaizi milimita chache. Haujalegea tena mpaka leo.

Miezi mitatu baadaye mdogo wangu alipata direla iliyogongwa namba 42, ya baiskeli iliyovunjwa. Hiyo niliifunga mwenyewe nyumbani Kihesa, baiskeli ikining'inia kwenye mti wa jirani, na kabari niliichonga kutoka mguu wa dawati bovu. Ilinichukua saa moja na nusu, na zaidi ya nusu ya muda huo ilikuwa pembe. Iliposimama milimita 2 juu ya meno, na bati la ndani likapita juu ya sproketi ya kati bila kugusa, nilichukua msumari nikachora mstari mwembamba kwenye bomba, chini ya ile pete ya zamani. Kati ya alama hizo mbili rula yangu inasoma milimita 12. Ile direla ya 48 nilimpelekea mzee wa Mlandege. Aliipangusa kwa kitambaa, akaitundika kwenye msumari wa ubao wake, akaniuliza kama na mnyororo nimeupima tena.